Upande wa Kulia

Umeuliza, Sompwe, nasikiliza nini juma hili.
Vitu vitatu.

Kwanza santuri ya Wana wa Kafubu, ile ya zamani.
Mende wamekula jalada, mpiga ngoma hana tena kichwa.
Upande wa kwanza usiuharakishe:
wimbo unaingia kama mgeni anayevua viatu mlangoni,
gitaa moja linauliza habari za nyumbani,
la pili linajibu, besi inaleta kiti.
Dakika nne hawajaimba neno.
Siku hizi nani atakungoja dakika nne?

Usiku wajukuu wakilala navaa kaske,
na hapo ndipo ninapopoteza watu.
Mwimbaji wao walimrekodi kulia,
na kulia kwangu, wajua, ni ukuta.
(Kulia: mkono wa chakula, na tena machozi.
Neno moja, na mizigo yote hiyo.)
Basi nabaki na mpiga manyanga peke yake,
chaka-chaka, chaka-chaka,
kama mke anayepepeta unga jikoni
bwana akisifiwa sebuleni.
Miaka arobaini sikumjali mtu huyu.
Sasa namjua hata anapomeza mate.

Nikigeuza kaske, mwimbaji anarudi
na manyanga yanatoka nje.
Sijawakutanisha tena hao wawili
tangu tanuru namba mbili.
Unakumbuka: tulitazamana ng'ambo ya mfereji wa shaba,
kelele ikitupiga kutoka ubavu mmoja,
wewe ikakula kushoto, mimi ikanila kulia.
Daktari wa kampuni aliandika: uzee.
Nilikuwa na miaka thelathini na minane.

Cha pili ni kaseti, akina mama wa kwaya, Kipushi.
Hii haina kushoto wala kulia.
Walijipanga mbele ya kinasa kimoja
kama familia mbele ya mpiga picha,
kwa hiyo naipata yote, mzima mzima.
Wimbo wa tano mtoto anakohoa.
Mvua inashuka juu ya mabati, wao wanapandisha sauti tu.
Kuna mama mmoja nyuma anachelewa kila mstari,
kidogo tu, kama mtu anayefunga mlango wa mwisho.
Asirekebishwe.

Cha tatu utanicheka.
Mwadi ameniwekea kwenye simu kijana wa Katuba,
jina lake lina tarakimu ndani.
Nilikaa nikiwa tayari kuchukia.
Ngoma haina aliyeipiga,
sauti imesuguliwa na mashine hadi inang'aa kama sufuria ya harusi,
na maneno mengi ni viatu, viatu, viatu.
Lakini wimbo wa saba, Sompwe!
Chini kabisa, mbali, nyuma ya kila kitu,
ameweka king'ora cha kiwanda, kile cha alfajiri.
Sijui alikipata wapi, hakuwa hata amezaliwa.
Nilisimama. Nikaanza kutafuta kofia yangu ya chuma
chini ya kitanda.
«Kambo, unaenda wapi?»
Nikasema, kunywa maji.

Nimeurudia mara sita. Umeme ulipokatika
nikaendelea kuusikia.

Jumapili njoo, hata na goti lako hilo.
Kutakuwa na bukari, lengalenga, na samaki kama bei itakubali.
Mwadi ana kaske ndogo za waya,
punje mbili kama maharagwe.
Utakaa kushoto kwangu, hapo kwenye benchi,
punje moja sikio langu, punje moja lako.
Waya ni mfupi, vichwa vitagusana
kama mbuzi wazee waliosahau ugomvi.
Tutaanza na Wana wa Kafubu.
Wewe utaniambia mwimbaji analalamikia nini.
Mimi nitakuambia kama yule wa jikoni
bado anapepeta.