Usiku wa Kuamkia Ijumaa

Dirisha ni dogo, na karani aliye nyuma yake hana uso.
Unampa ufunguo, anakupa jumbe mia
na kijikaratasi: ukitaka zaidi, rudi na hiki.
Yasna Oyarzo amerudi mara mia moja na tisini na kitu
tangu alfajiri, mjini Valdivia, ghorofa ya pili,
mvua ikigonga bati kama mdai,
soksi zake zikikaukia juu ya jiko la kuni.

Anachotaka ni chepesi kukitamka:
kila neno lililoandikwa na watu wa mji huu
siku ile ardhi ilipotikisika.
Si mengi. Si ya kutosha. Kila.

Adhuhuri karani anagoma:
umezidisha maombi, kaa kando dakika kumi na tano.
Anakaa. Anamenya chungwa. Anarudi.
Haba na haba, namwambia kutoka meza ya pili,
naye bila kugeuka: kibaba chenyewe kimetoboka.

Kwa sababu amehesabu mara mbili.
Jana, elfu kumi na tisa mia tatu na nne.
Leo, swali lile lile, herufi kwa herufi,
elfu kumi na tisa na hamsini,
na kumi na moja kati ya hizo ni pacha,
waliozaliwa ukurasa ukifunuliwa
huku mtu mahali fulani akiongeza jambo jipya juu yake.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hapa daftari lipo, lina mistari na tarehe,
na mali inapotelea humo humo.

Basi anamtafuta Nélida.
Bi Nélida Barrientos, muuza mikate wa Collico,
aliyeandika usiku ule, Yasna akasoma kwa macho yake
akiwa chini ya meza, simu imebaki na chaji asilimia sita:
"Sisi wazima. Paka haonekani. Nani ana mshumaa?"
Nélida akikosekana, hakuna kilichotimia.

Nélida hayumo.

Siku tatu. Anabadili maneno ya utafutaji, anafungua ufunguo mpya,
anamtukana karani kwa Kihispania cha kusini, taratibu,
kama anayemsomea orodha ya madeni.
Siku ya nne, mswaki ukiwa mdomoni, anasimama wima.

Ardhi ilitikisika Alhamisi, saa mbili na nusu usiku.
Naye aliomba Alhamisi, mwanzo hadi mwisho.
Lakini saa ya seva haikai Chile.
Ilipogonga saa tatu hapa, kule siku ilishapinduka,
na vilio vyote vilivyofuata, na mishumaa,
vikaandikwa kwenye hesabu ya Ijumaa.
Nilicheka peke yangu. Usiku wa kuamkia Ijumaa:
lugha yangu ingelimwambia tangu siku ya kwanza,
laiti kuna aliyeiuliza.

Ukurasa wa mia tatu na nane, Nélida huyo hapo,
saa tatu na dakika kumi na mbili, pamoja na paka wake asiyeonekana.
Chini yake majibu kumi na moja.
Majibu yana dirisha lake, na karani wake, na foleni yake.
Kumi yanakuja: mioyo, dua,
jirani mmoja ana tochi.
La kumi na moja linarudi tupu:
ujumbe huu haupo, au huruhusiwi kuuona.

Mtu aliandika, kisha akafuta.
Nilimshauri tulikisie, jibu moja tu, nani atajua.
Alinitazama kama nimemwomba atie maji kwenye maziwa ya mtoto.
Akaandika ndani ya ripoti: pengo moja, halikuzibwa.
Akataja saa aliyouliza, na saa ya nani.

Jumamosi alivaa buti, akaenda Collico kununua mkate.
Alikawia. Alirudi na unga mkononi
na mkwaruzo mwembamba, mwekundu, karibu na kidole gumba.
Sikuuliza, naye hakugusa jedwali.