Malipo ya Pili

Kahawa ya ukumbini Eston imepoa, wao bado.
Orest agonga meza: "Bodi ilinipa
bei moja na mwenye mashamba kumi,
na malipo ya pili, theluji ikianza."

"Na ngano yangu," asema Thiessen,
"ikaota ukungu ghalani ikingoja ruhusa.
Niachieni niuze. Nikipata, nikipatikana, juu yangu."

"Utamuuzia nani? Reli ni moja,
mnunuzi mmoja. Hilo soko huria
lina mlango wa kuku."

Mimi mpima malori nanyamaza;
madeni yao nayajua kwa kilo.

Usiku wa manane gari la Orest likagoma kwa baridi.
Thiessen akaleta nyaya, betri kwa betri,
injini ikakohoa.
"Nikulipe bei gani?"
"Ya bodi," akasema, mvuke mdomoni. "Nusu sasa."