Dakika ya Kumi na Nne

Radosław, jina lako nimelisoma kwenye beji
kwa kuwa mwenyewe hukulitaja.
Namba yangu ni mia mbili na sita.
Pale ukutani walikuwa wanaita mia moja na sabini
nilipoketi, theluji ikaanza kuyeyuka kwenye buti zangu
juu ya sakafu yenu inayong'aa.
Nikatazama samaki. Televisheni thelathini,
samaki mmoja, anageuka kwa wakati mmoja,
ana rangi ambazo mto wetu wa Oder
haujawahi hata kuziota.

Mashine niliinunua Oktoba.
Ulikuwa wewe, unakumbuka? Uliipiga kofi mgongoni
kama mtu anayeuza ng'ombe,
ukasema, "Hii, mama, itakuzika."
Sasa inajaza maji, inazunguka, inaguna,
ikifika dakika ya kumi na nne inasimama kabisa,
mlango umejifunga, taa nyekundu inapepesa,
na mashuka yangu yananitazama
kupitia kile kidirisha cha duara
kama abiria waliosahauliwa kituoni.

Ulisema: hilo ni la kiwandani.

Nikapiga simu kiwandani.
Mwanamke asiye na mapafu akaniambia nibonyeze moja;
nikabonyeza moja. Nibonyeze nne; nikabonyeza nne.
Nitaje tatizo langu kwa ufupi.
Nikasema, "Haizunguki." Akasema, "Sijakuelewa."
Nikasema, "Imekufa."
Akasema, "Asante kwa kuichagua kampuni yetu."
Kisha fidla. Dakika arobaini za fidla.
Binadamu alipopokea, alikuwa anatafuna kitu,
akasema: hilo ni la dukani.

Basi nikawa mpira wa chandimu.

Nikaleta risiti. Ukaiinua kwenye mwanga.
"Mama, hii ni karatasi tupu."
Tupu! Niliihifadhi ndani ya Biblia ya marehemu Zbigniew,
kwenye Zaburi, pasipo jua wala unyevu,
na wino wenu ukaondoka kimyakimya
kama mgeni aliyekwisha kushiba.
"Bila tarehe hakuna waranti,"
ukatabasamu lile tabasamu mnalofundishwa.
Mwenda bure si mkaa bure, wanasema,
lakini mimi nimekuja mara nne,
na tramu si bure.

Leo sikuleta karatasi.
Leo nimepiga magoti jikoni, nimebishana na mlango
kwa bisibisi mpaka ukasalimu amri,
nimeyatoa mashuka yakiwa na uzito wa ndama,
nimeyatia kwenye beseni, nimepanda tramu namba saba.
Watu wamenipisha. Beseni linalotiririka
hupishwa kuliko mwanamke wa miaka sabini na moja,
nimelijua hilo leo.

Haya, ndiyo haya. Nayaweka kwenye kaunta yako,
kati ya kompyuta na bakuli la peremende.
Andika: mteja ameleta ushahidi.
Andika: unachuruzika.
Kama hakuna kisanduku cha kujaza neno hilo,
tafuta kingine, bonyeza moja, bonyeza nne.

Meneja anakuja; naiona tai yake
kabla sijamwona mwenyewe.

Nawe huandiki. Unatazama maji yakifuata ukingo wa kaunta,
unatazama plasta kidoleni mwangu,
kisha unazunguka, unatoka huko nyuma ya kioo
ambako sikuwahi kujua kama una miguu,
unashika pembe mbili za shuka.
Nashika zangu.
Unasokota kulia, nasokota kushoto,
tunakamua mpaka shuka linakuwa kamba,
na maji yanamwagikia viatu vya meneja
anayeuliza nani ameruhusu.

"Ya mama yangu," unasema chini kwa chini,
bila tabasamu hata kidogo,
"hukwama dakika ya tisa."

Nyuma yako samaki anageuka, mara thelathini.
Namba mia mbili na saba inaitwa.
Mwambie asubiri.
Bado mashuka matatu.