Mfereji wa Buluu

Huku Wadi Kabiri, Julai ikishaingia,
mambo ya bafuni hugeuka juu chini.
Tangi liko paani, la plastiki, halina kivuli,
na jua limelikalia kama mdai aliyekuja na mkeka wake.
Basi mfereji wa buluu ndio unaounguza.
Mwekundu, tukishazima hita, ndio wa baridi.
Kila mtu mzima wa jengo hili anajua.

Azani ana miaka mitatu.
Rangi kafundishwa chekechea:
buluu maji, nyekundu moto.
Akaamini alichofundishwa.

Ngozi ya mkono ikamenyeka kama ya nyanya.

Nilikuwa nishaishika dawa ya meno nimpake.
Lisi wa ghorofa ya tatu, nesi, mtu wa Kerala,
alishuka na sare ya kazi, akanishika kiwiko,
akautia mkono wa mtoto chini ya ule mwekundu
akaitazama saa. Dakika ishirini.
Sijapata kujua kama dakika zina urefu ule.

Na macho ya nesi hayana adabu ya ugeni.
Yaliona chupa ya maji niliyotia asidi ya choo,
kizibo kilekile, picha ya mlima ileile.
Yaliona nyuma ya kabati, pale kiyoyozi kinapotiririsha,
ukungu mweusi uliopanda ukutani mpaka usawa wa mto
anapolaza kichwa chake, akikohoa usiku kucha,
nasi tukisema ni vumbi la jangwani.
Hakusema kitu. Alitikisa kichwa kwa namna yao
isiyokuwa ndiyo wala hapana.
Kisha akamtazama mtoto machoni.

"Wanja huu umetoka wapi?"

Umetoka Sumaili, kwa bibi yake, Bi Thuwaiba.
Kausaga mwenyewe, kaufunga kitambaani,
tangu siku ya saba, kinga ya kijicho.
"Huenda una risasi ndani," akasema, kwa Kiarabu chake cha hospitali.
Rasasi. Mimi nikasikia bunduki.

Kodi ni riali mia na thelathini.
Mwenye nyumba kasema bukra, atamtuma fundi.
Bukra yake ina ndevu sasa.
Tukajifunga mitandio puani, tukalisogeza kabati,
tukausugua ukuta kwa siki na maji ya moto
(maji ya moto hatukuyakosa).
Hilali kapanda paani na magunia na miti ya pazia kuukuu,
kalijengea tangi kibanda, kama mtu anayemfunika mgonjwa.
Asidi iko juu ya kabati la jikoni, katika chupa yake ya asili.
Jumla, riali nne na baisa mia mbili.

Lililobaki halikuwa la pesa.
Nilipiga simu Sumaili mara tatu nikakata.
Ya nne akaiwahi.
Nikamwambia kama nilivyoambiwa, nikiikata sentensi vipande vidogo,
kama mtu anayemlisha mtoto samaki wa miba.
Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Baba yake nilimpaka miaka mitano," akasema.
Kimya tena.
"Na hesabu, ilimshinda."

Kisha: "Sasa kijicho mtakizuia kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia mkono unapona.

Damu wamechukua. Majibu Jumapili.
Kitambaa cha wanja kimo ndani ya sanduku langu la dhahabu,
nimetia kufuli. Kukitupa sikuweza;
mna vidole vyake humo.

Na ile mifereji, rangi zote mbili nimezibandua kwa kisu.
Azani sasa husimama mlangoni mwa bafu,
mkono wake una bara jipya, laini, jeupe kidogo,
huuliza: "Mama, leo upi?"
Namwonesha. Hugusa kwa ncha ya kidole, hungoja.
Oktoba, tukiwasha hita,
itanibidi nimfundishe kinyume chake.