Shati la Kizimbani

Onzima, nakuandikia kwa kalamu,
sababu unaijua kuliko mimi.
Basi la alfajiri litaibeba barua hadi Kampala;
huko yuko mtawa anayesafiri, sikuuliza zaidi.

Arua imepoa leo. Mvua ilinyesha Ediofe,
kwetu haikufika.
Mama anasaga simsim na swali lake ni lile lile:
"Atakuja lini ayamalize?"
Kana kwamba kesi ni shamba la tumbaku,
unapalilia mstari hadi mwisho, unanawa, unakula.

Sokoni wamegawanyika.
Mwalimu Ezaruku anasema msema kweli hakimbii,
aliyekimbia amewaachia waongo uwanja.
Candiru wa mitumba akamwuliza, pini mdomoni:
"Na wewe, siku ya mgomo ulikuwa wapi?"
Mwalimu akanunua soksi, akaenda zake.

Wakili, yule mfupi uliyenitumia jina lake,
alinipokea chini ya feni isiyozunguka.
Akasema: "Sheria aliyoivunja imeandikwa, ina namba.
Ile aliyoitetea bado haijapata wa kuiandika."
Akataja miaka. Saba, au kumi na mitano,
itategemea hakimu ameamkaje.
Nikaihesabu kwa meno ya Mama yaliyobaki.
Hayakutosha.

Sasa langu mimi.

Siku zote tulisema ukuta una masikio,
tukacheka, tukapunguza sauti, tukaendelea.
Kumbe sikio lilikuwa wewe.
Miaka minne, chumba cha baridi kisicho na dirisha,
na mshahara ulionunua mabati haya juu yetu.
Ulipoitoa orodha niliisoma kwa kidole.
Ukurasa wa thelathini na moja: mimi.
Bila jina. Namba tu.
Ulinisikia nikiomba mkopo kwa Letaru, pesa za cherehani?
Ulinisikia usiku ule nikimlilia Ajiga,
maneno ambayo hata Mungu nilimwambia nusu?
Wewe ulipata yote.

Mama nimemwambia namba ile ni ya mtu mwingine.

Ndiyo maana nikitaka kukuomba urudi
sijui nakuitia haki
au nakuitia hasira yangu.
Wapo wanaotaka urudi wakufunge,
wapo wanaotaka ubaki huko wakuimbe.
Mimi nataka uketi kwenye kigoda hiki,
uniangalie, uniambie ulisikia nini, siku gani,
kisha uniache nikupikie.
Hilo hakimu hawezi kuliamuru,
na huko uliko haliwezekani.

Ukija, mlango wa ndege utafunguliwa na wao
kabla yetu hatujajua umetua.
Walishafika hapa, Juni, tena Agosti.
Walikaa kwenye gari jeupe wakila mahindi ya jirani.
Walilipa. Mmoja akasema asante sana, mama.
Hiyo asante ndiyo iliyoninyima usingizi.

Usipokuja, utazeeka ukiwa sahihi
katika nchi ambayo hakuna awezaye kulitamka jina lako,
na siku ya Mama
utauona mchanga ukimwagwa kwenye kioo cha simu,
simu ambayo wewe, kati ya watu wote,
unajua nani mwingine anatazama.

Nimeshona shati. Jeupe, kola ngumu.
Kifua nimekikisia, sijui huko mnakula nini.
Nimeacha upindo mpana, ukinenepa tufumue;
ukikonda, nitajua la kufanya.
Silitii kwenye bahasha hii.
Limening'inia nyuma ya mlango,
na upepo ukipita linainua mkono mmoja,
sijui linakataa
au linaapa.