Shavu la Nélida

Dada yangu ni mkalimani wa viziwi
mahakamani, Paysandú.
Mimi ni kiziwi. Uso wake naujua
kama wengine wanavyoijua sauti ya mama.

Katika lugha yetu nyusi zikipanda, umeuliza.
Shavu likijaa, kitu ni kikubwa.
Mdomo ukienda upande, huamini.

Julai, kope ya kushoto ikaanza kumcheza.
Jirani Eulogia akasema: utapata mgeni.
Daktari wa kwanza: kahawa, na usingizi haba.
Wa pili akaandika vidonge vya magnesiamu.
Binamu aliweka kiganja mdomoni, asinione,
lakini neno "kiharusi" nililiona machoni mwake.

Kiharusi huulaza uso.
Wa dada ulikuwa macho kupita kiasi:
kope ikaliita shavu, shavu likavuta pembe ya mdomo,
hata akiwa amelala fofofo
nami nimekaa kando na tochi
nikisoma maneno asiyoyasema.

Kisha kesi ya Olegario, mchunga ng'ombe,
farasi wa watu kapotea.
Hakimu aliuliza, "Usiku ule ulikuwa wapi?"
Mikono ya dada ikafasiri sawasawa.
Mdomo ukaenda upande.
Olegario akainuka, vidole vikitetemeka:
Hata wewe huniamini?

Usiku huohuo tukapanda basi la Montevideo.

Picha ya kichwa: nyuma ya sikio
mshipa mwembamba wa damu umejipinda,
umeiegemea neva ya uso,
na kila moyo ukipiga, unabisha: hodi.
Hodi. Hodi.
Shavu, kwa adabu, linaitikia.
Eulogia hakukosea sana. Mgeni alikuwepo.

Kuna upasuaji, daktari alisema,
ila sikio la upande huo laweza kuzimika.
Karibu kwetu, nikamwambia dada.
Nilicheka peke yangu.

Akachagua sindano. Hulaza misuli
miezi mitatu, pengine minne.
Sasa akiniuliza, "Umekula?"
unyusi mmoja hupanda, wa pili umelala,
nami swali nusu nalijibu nusu:
nimeonja.

Wiki ya mwisho, dawa ikiisha nguvu,
pembe ya mdomo huanza tena kusogea.
Huniamini? namuuliza.
Ni mshipa tu, hunijibu.

Kuna siku si mshipa.
Tofauti naiona.
Sijamwambia.