Dawati la Nyuma

Nilifika Charambe saa mbili kasoro robo,
fomu nne kwapani, kalamu mbili mfukoni,
moja ya akiba, maana kalamu za ofisi hukauka
palepale unapotaka kuandika jambo la maana.

Darasa la Nne B. Tisini na sita daftarini,
waliokuwepo themanini na tisa.
Wakasimama: "Shikamoo mgeni wetu!"
na vumbi likasimama pamoja nao.

Mwalimu Zamoyoni Lukali akanionyesha dawati la nyuma.
Nikakaa. Mtoto mmoja akateremka sakafuni
bila kuambiwa na mtu.
Sikuliandika hilo. Fomu haina pa kuliandika.

Lengo mahususi, kwa mwandiko wake wa mviringo:
ifikapo mwisho wa kipindi, wanafunzi sabini
waweze kujumlisha nusu na theluthi.
Zana: kadi za manila.
Nikaweka vema mbili. Wino ulitoka vizuri.

Akauliza, kama mtu anayepasha misuli tu,
"Ipi kubwa, nusu au theluthi?"
Chausiku Mbonde, safu ya pili, hakungoja kuitwa:
"Theluthi, mwalimu! Tatu inaizidi mbili."
Na darasa karibu zima likaitikia kwa furaha:
"Ndiyooo!"

Mimi, enzi zangu, ningesema "Hapana, kaa chini,"
nikaendelea na kadi.
Nilikaguliwa mara moja, Kigogo.
Somo la Jumatatu nilikuwa nimelifundisha tangu Ijumaa;
watoto wakajibu kabla sijamaliza swali.
Mkaguzi akaandika Vizuri Sana,
nami nikaificha karatasi ile asiione mke wangu,
kwa kuwa naye ni mwalimu, na angejua.

Zamoyoni aliziweka kadi mezani, akazilaza kifudifudi.
Nje, fundi mageti alikuwa anakata chuma.
Akangoja mashine inyamaze.
"Chausiku, kaa na Rehani. Dawati ni lenu wawili.
Kila mmoja ana nini?"
"Nusu."
"Haya. Mwanaisha, nenda ukabanane nao."

Wakabanana. Chausiku akabaki na tako moja hewani,
mguu unatafuta sakafu,
akautazama ubao alioachiwa
kama mtu anayehesabu chenji akijua kapunjwa.
"Mwalimu," akasema. "Theluthi ndogo!"
Kisha, kwa hasira kidogo:
"Kumbe wao wakiongezeka, mimi napungua."

Basi ikawa vurugu. Kila dawati likajaribu:
wanne, robo;
watano, mmoja akaanguka na kucheka huko huko chini;
kona ya dirishani walibishana kuhusu sita
mpaka fundi mageti akachungulia.
Dakika arobaini zikaisha
na hakuna aliyejumlisha chochote.

Lengo limefikiwa? Zungushia: Ndiyo. Hapana.
Waliofikia lengo: ......... kati ya .........
Je, zana zilitumika kama zilivyoandaliwa?
Taja ushahidi.

Nikaandika sifuri. Nikaikata.
Ukikata, mwongozo unasema, usaini kando.
Nikaanza kusaini, kalamu ikakauka katikati ya jina langu.
Nikatoa ya akiba, nikakaa nayo mkononi.

Rimu ya lori ikagongwa, mapumziko.
Yule mtoto wa sakafuni alikuwa bado amejikunja
juu ya daftari lake. Nikainama.
Alikuwa amechora dawati na vichwa vitatu juu yake,
viwili vidogo, kimoja kikubwa chenye miwani,
na juu ya kila kichwa: theluthi, theluthi, theluthi.
Chini, karibu na mguu wa dawati,
kijitu kisicho na namba.

"Na huyu?"
"Huyo mimi."
"Yeye ana ngapi?"
Akafikiri, kweli akafikiri,
akalamba ncha ya penseli.
"Hiyo bado hatujafundishwa."

Nikainuka, nikamwachia nafasi yake.
Wenzake walikuwa wameshatoka nje.